Barabara Moja Iliyotimia

Tangu Halmashauri ya Wilaya ya Tarime ilipohamishia makao yake Nyamwaga, kwa kufuata agizo la Serikali lililozitaka halmashauri zitoke mijini zikakae karibu na watu ziwatumikiao, imekuwa lazima kwa kila mwenye shauri na ofisi hiyo, awe mkulima wa kahawa wa Muriba au mchuuzi wa Sirari mpakani, kupanda mpaka huku kutafuta kibali, saini au haki yake. Ofisi zilihama, lakini njia za kuziendea, nazo ndizo roho ya jambo lenyewe, nyingi zilibaki zilivyokuwa, na msimu wa masika ukiingia, mtu wa Nyanungu au Gorong'a mwenye mgonjwa wa kumleta hospitalini huutazama utelezi wa vilima vyetu kwa hofu kubwa kuliko maradhi yenyewe.

Sisemi hapa habari ya barabara itokayo Tarime, ikapita Nyamwaga na Nyamongo, ikavuka Mto Mara hata kufika Mugumu, kwa maana hiyo imo mikononi mwa Wakala wa Barabara, TANROADS, na lami yake ni shauri la Serikali Kuu. Nasema habari ya zile zinazoichipukia: barabara za mkusanyo, za mlisho na za jamii, ambazo tangu mwaka 2017 zimekabidhiwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, na ambazo ndizo zipitishazo ndizi, mahindi, kahawa, watoto wa shule na mama wajawazito. Fedha zake aghalabu hutoka katika Mfuko wa Barabara, na Mfuko huo hujazwa na tozo ya mafuta, ambayo mwaka 2021 Bunge liliiongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Basi kijana wa bodaboda ajazaye tangi lake hapa Nyamwaga amekwisha kutoa fungu lake kabla hajaondoka kituoni, wala anapodai njia ya kupita haombi sadaka.

Lakini wenzetu wa Rorya, Butiama, Bunda, Serengeti na Musoma nao wamejaza matangi yao, na wote huja na madai yao Musoma, katika Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambamo Mkuu wa Mkoa huwa mwenyekiti na maombi ya kila wilaya hupimwa mbele ya macho ya wenzao. Mahali kama hapo kilio hakina uzito mkubwa, maana kila aliyehudhuria analia. Chenye uzito ni ombi lililotimia, lenye mwanzo na mwisho, ambalo mwenye kulisoma hawezi kuliweka kando bila ya kuulizwa sababu.

Hapa ndipo penye ila yetu, nami naisema kwa kuwa naipenda nchi hii. Fedha za barabara zinapokaribia, tamaa ya kwanza ya kila kata ni kugawiwa sehemu yake, japo nusu kilomita ya changarawe, ili diwani asiulizwe mkutanoni kwa nini jirani amepata yeye akakosa. Nenda ukatazame matunda ya ugawaji huo. Utaona kipande cha njia kilichochongwa na greda vizuri, kikamwagiwa changarawe, kikashindiliwa, kisha kikaishia ghafula kwenye bonde ambalo kalavati yake haikujengwa kwa kuwa fedha zilikwisha; na mahali kalavati ilipo, mdomo wake umezibwa na migomba iliyosombwa na mvua, maji yakatafuta njia nyingine, yakala ukingo wa barabara mpaka changarawe ile ikalala shambani mwa mtu. Kata kumi zimepata kidogo, na hakuna hata moja ambayo gari la mizigo laweza kuingia na kutoka mwezi wa Aprili. Husemwa kuwa haba na haba hujaza kibaba, na kwa nafaka ni kweli. Barabara haijazwi hivyo, kwa sababu kilomita nne nzuri zilizotengwa na mto usiovukika hazimfikishi mtu popote.

Najua nitajibiwa kwa hoja ya insafu: kwamba watu wote hulipa, kwa hiyo wote wapate sawa. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, na jirani zetu wa Kenya waliipa nguvu ya sheria mwaka 2007, walipoamua kuwa asilimia 22 ya fedha za mfuko wao zigawiwe sawasawa kwa majimbo yote ya uchaguzi. Lakini kwa mpango huo jimbo lenye nchi pana ya mabonde na jimbo dogo la mitaa michache hupokea kiasi kimoja, ijapokuwa haja zao zimeachana mbali. Usawa wa mafungu si usawa wa manufaa. Haki ninayoiona mimi ni ya zamu: njia iliyo na watu wengi, mazao mengi na hatari kubwa zaidi itangulie, imalizwe kabisa, mitaro na makalavati yake yote, kisha inayofuata.

Tena Tarime si maskini wa kwenda Musoma mikono mitupu. Mgodi wa North Mara umekuwa ukichimba dhahabu kwetu tangu mwaka 2002. Ushuru wa huduma kwa halmashauri umewekwa na sheria, kwa kiwango kinachokadiriwa juu ya mapato ya mauzo. Na Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2017 imemlazimu mwenye mgodi kupatana na halmashauri juu ya miradi ya kuwafaa wananchi wanaomzunguka. Madarasa na zahanati ni haja za kweli na siziombei zipunguziwe. Lakini lau sehemu ya fedha hizo ingetengwa waziwazi ijenge makalavati ya barabara ile moja iliyochaguliwa, ombi letu kwa Mkoa lingekuwa ni kukamilishiwa kazi tuliyokwisha kuianza, na mtoaji yeyote huona wepesi kuongeza juu ya kilichopo.

Jambo lililosalia ni letu wenyewe wanavijiji, wala halihitaji shilingi ya mtu. Mhandisi hawezi kuandika ombi la kweli ikiwa hajui ni siku ngapi njia hufungwa kila mvua, ni magunia mangapi hupita siku ya gulio, ni wapi maji huvuka. Habari hizi anazo mtendaji wa kijiji, na wazee wanazo zaidi. Na mkandarasi hawezi kufanya kazi mahali ambapo kila hatua kumi anakuta ua, mgomba au kibanda ndani ya hifadhi ya barabara na mwenyewe akidai fidia. Wakurya wana iritongo, baraza ambalo limekata mashauri mazito kuliko ya ua wa katani. Basi na likae sasa, mpaka wa barabara ukubaliwe na kila mwenye shamba, kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kupitisha mpango na kabla ya bajeti kufungwa, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai na maombi yaliyochelewa hungoja mwaka mwingine.

Nanyi waheshimiwa madiwani, mkikubaliana barabara ya kwanza, andikeni katika muhtasari ule ule barabara ya pili na ya tatu, kwa majina ya vijiji na kwa mwaka wa kila moja, mtie saini nyote, na nakala ibandikwe katika ofisi ya kila kata, ili mtu wa Nyanungu aliyekubali kungoja awe na karatasi ya kuwadai mwakani.