Kiti cha Meya Kinafutwa, Hakuna Anayelia

Muulize mwanafunzi yeyote wa Kiswahili hapa Mlimani Amri Abedi ni nani. Atakujibu bila kupumua: sheria za kutunga mashairi, vina na mizani, ugomvi wa wanamapokeo na wanausasa, swali la mtihani la kila mwaka. Sasa muulize nani alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Kimya. Ni huyo huyo. Mwaka 1960, kabla hata bendera ya mkoloni haijashushwa, Sheikh Kaluta Amri Abedi, mtoto wa Ujiji, alikalia kiti cha umeya wa mji huu.

Nasoma ualimu, Historia na Kiswahili, kwa hiyo nimekutana na mzee huyu kwenye kozi zaidi ya moja. Mara zote alikuja kama mshairi. Umeya wake hakuna aliyeutaja, na mimi sidhani ni uzembe wa wahadhiri. Kiti chenyewe kimewekwa kwa namna ambayo ni rahisi kukisahau, na ni rahisi zaidi kukifuta.

Tuhesabu. Dar es Salaam ilipewa hadhi ya manispaa mwaka 1949, ikawa jiji Desemba 1961, siku zile zile za Uhuru. Mwaka 1972 serikali ikaleta mpango wa Madaraka Mikoani na kuzifuta halmashauri, meya akaenda na maji. (Jina la mpango huo bado linanichekesha. Madaraka kweli yalienda mikoani, ila waliopokea walikuwa watumishi wa serikali kuu.) Huduma za miji zikadorora, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Juni 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, ikakaa mpaka 2000. Ndipo tukapata Ilala, Kinondoni na Temeke, kila moja na meya wake, na juu yao Meya wa Jiji. Mameya wanne mji mmoja! Baadaye zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Halafu Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja Halmashauri ya Jiji, na Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam.

Mara tatu ndani ya miaka 49. Niambie mara moja tu uliyosikia wananchi wameandamana, au hata wamenuna, kwa sababu meya wao ameondolewa.

Na hapo wengi hawajui jambo hili dogo: sisi wa Mlimani hatuishi kwenye Jiji la Dar es Salaam. Kisheria tuko Manispaa ya Ubungo. Bi mkubwa kule kijijini anawaambia majirani mwanangu yuko jijini, kumbe jiji linaanzia ng'ambo huko. Ukipanga geto Msewe, taa ya barabarani isiyowaka na mtaro uliojaa ni mambo ya halmashauri ya Ubungo, na mwenyekiti wa halmashauri hiyo ni meya ambaye wewe na mimi hatujawahi kuona jina lake kwenye karatasi ya kura.

Mwaka jana nikiwa mazoezi ya kufundisha nilipewa vipindi vya Uraia Kidato cha Pili, maana mwalimu wa somo hakuwepo. Nikaeleza vizuri tu: wananchi wanachagua diwani, madiwani wanakaa wanamchagua meya miongoni mwao, wabunge wa eneo hilo nao wamo. Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, nani anasaini hela?" Mkurugenzi. "Sasa meya anafanya nini?" Nikamjibu kwamba anaongoza vikao vya baraza, na baraza ndilo linalopitisha bajeti na kutunga sheria ndogo. Jibu ni sahihi, lipo kwenye sheria. Lakini darasa zima lilikuwa linanitazama kama watu wanaosubiri niendelee.

Meya tunamwita Mstahiki. Anavaa joho na mkufu. Hana hata kura moja aliyopewa kwa jina la umeya na mama ntilie wa Manzese. Ndiyo maana akiondolewa, mama ntilie hana cha kudai. Machi 2016, baada ya uchaguzi kuahirishwa mara kadhaa, madiwani walimchagua Isaya Mwita wa CHADEMA kuwa Meya wa Jiji pale Ukumbi wa Karimjee. Januari 2020 akaondolewa kwa kura za madiwani, kura iliyozua ubishi mkubwa. Nani alikuwa na haki sitaki kuingia huko, kila mtu ana chama chake. Ninachoona ni kwamba mwanzo mpaka mwisho lilikuwa jambo la watu wa ukumbini. Mji wenye mamilioni ya watu ulikuwa nje, unasoma magazeti.

Rafiki yangu mmoja wa kozi, tunayebishana naye karibu kila jioni, ananiambia acha siasa. Wazee wa mji huu wanaisifia Tume ya Keenja kuliko halmashauri nyingi zilizochaguliwa: taka zilizolewa, kazi hiyo ikagawiwa watu binafsi na vikundi vya mitaani, mji ukaanza kupumua. Keenja mwenyewe akaja kuwa mbunge wa Ubungo, na huko watu walimpigia kura. Hoja hiyo ina uzito, siwezi kuipuuza. Lakini Tume ilifanya vizuri kwa sababu aliyeiteua alitaka ifanye vizuri. Ingeboronga, mwananchi wa Tandale angeiondoa kwa njia gani? Bahati njema ikitokea tuifurahie, ila tusiigeuze kuwa mfumo.

Tazama majirani. Nairobi nao walikuwa na meya wa kuchaguliwa na madiwani, kuanzia Charles Rubia, Mwafrika wa kwanza, mwaka 1962. Nao waliwahi kuvunjiwa baraza, 1983, wakakaa na tume mpaka miaka ya 90. Katiba yao ya 2010 ikabadili mchezo, na tangu 2013 wanamchagua gavana wao moja kwa moja. Sisemi wamepata malaika. Gavana Mike Sonko aling'olewa Desemba 2020 kwa tuhuma nzito. Lakini kumbuka Februari ya mwaka ule: serikali kuu ilipotaka kuchukua baadhi ya kazi za kaunti, ilibidi gavana huyo huyo aitwe Ikulu akatie sahihi. Sahihi yake ilikuwa na thamani kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kura za wakazi.

Mimi nataka meya wa Ubungo, na wa kila manispaa na jiji, apigiwe kura na wakazi. Rais wa serikali ya wanafunzi tunamchagua wenyewe, kampeni mpaka usiku wa manane mabwenini, na tunamjua kwa sura, tunamsema bumu likichelewa hata kama kosa si lake. Kwa nini anayesimamia mapato ya manispaa nzima tusimjue? Na hela hizo zinatuhusu. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Sisi walimu watarajiwa tunajua foleni ya ajira ilivyo. Hiyo asilimia 4 kwa wengine wetu ndiyo itakuwa mtaji wa kwanza, na mapato inakotoka yanajadiliwa kwenye baraza linaloongozwa na meya.

Kubadili sheria kutachukua muda. Wakati tunasubiri, vikao vya baraza la madiwani hufanyika kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Tuko kama sita wa mwaka wa tatu tunaokwenda kikao kijacho cha Ubungo. Anayetaka kuongozana nasi anitafute Ijumaa baada ya kipindi cha saa nane. Nauli kila mtu yake.