Kuzidisha kwa Kete, Si kwa Fimbo

Katika nyumba nyingi hufika saa ya jioni ambapo mzazi, akiwa amerejea kutoka kazini au shambani, humwita mtoto na kumtaka alete daftari lake la hesabu. Kwanza huuliza kwa upole: "Sita mara nne?" Mtoto hujibu. Hufuata swali la pili, na la tatu. Na yanapofika ya "saba mara nane", kimya hutanda. Sauti ya mzazi hupanda, macho ya mtoto hushuka, na kuanzia hapo hakuna tena somo, bali ni kesi isiyo na mtetezi.

Mwandishi wa safu hii hana haki ya kuwanyoshea wazazi wenzake kidole, maana nami nimewahi kuwa hakimu wa kesi hiyo. Binti yangu wa darasa la tatu aliweza kuliimba jedwali la saba tangu mwanzo hadi mwisho pasipo kosa, lakini nilipomwuliza la katikati ilimbidi aanze upya kutoka saba mara moja. Nilimkaripia. Siku ya pili yake daftari halikuonekana; lilikutwa chini ya godoro. Ndipo nilipotambua kwamba mtoto yule hakuwa mvivu. Alikuwa akiniogopa mimi, na pamoja nami alikuwa ameanza kuziogopa hesabu zenyewe.

Aliyetuokoa ni babu yake, mzee ambaye hakuvuka darasa la nne. Alikuwa ameketi barazani na bao lake. "Mjukuu wangu, njoo unisaidie kuhesabu kete," alimwambia. Msomaji anayelijua bao la Kiswahili anafahamu kwamba lina mashimo 32, yaliyopangwa katika safu nne za mashimo manane, na kwamba kete zake ni 64. Mzee alimwagiza mtoto atie kete nane katika kila shimo la safu moja. Kete zote zikaisha: nane mara nane ni 64. "Sasa toa kete moja katika kila shimo." Zimetoka ngapi? Nane. Kila shimo limebakiwa na ngapi? Saba. Na zote zilizobaki ni ngapi? Mtoto aliwaza kidogo, akasema, "Hamsini na sita, babu." Alisema pasipo kutetemeka, kwa kuwa hakuna aliyemtishia, na kwa kuwa jawabu lile hakulipokea katika wimbo, alilipata kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo ndipo penye funzo letu la leo. Kukariri jedwali si vibaya, na mwisho wa safari ni lazima mtoto alijue kwa moyo. Lakini kinachokaririwa kabla ya kueleweka hupotea hofu inapoingia. Mchezo humpa mtoto maana kwanza, kisha kumbukumbu huja yenyewe kwa kurudiarudia ambako hakumchoshi.

Wala mchezo huu hauhitaji fedha. Asiye na bao achimbe vishimo ardhini, na badala ya kete atumie komwe, kokoto au mbegu za maharage. Ifuatayo ni michezo mingine minne ambayo mzazi yeyote anaweza kuianzisha.

Wa kwanza ni wa vifuniko vya chupa. Mtoto apange vifuniko katika mistari minne, kila mstari vifuniko sita. Ahesabu: 24. Kisha, pasipo kukigusa kifuniko hata kimoja, ahamie ubavuni na kutazama upya. Sasa ataona mistari sita ya vifuniko vinne, na jumla ni ile ile. Akishalielewa hilo, mzigo wake umepungua karibu nusu, maana anayejua nne mara sita anajua pia sita mara nne.

Wa pili ni kuruka kamba. Badala ya kuhesabu moja, mbili, tatu, warukaji wahesabu tatu, sita, tisa, kumi na mbili, na kuendelea. Anayekosea hesabu huishika kamba, kama vile anayekanyaga.

Wa tatu ni duka. Mtoto awe muuzaji na mzazi awe mnunuzi. Nyanya, au kokoto zinazosimama badala ya nyanya, zipangwe mafungu ya tano tano. Mafungu sita yana nyanya ngapi? Fungu likiwa shilingi 500, mafungu manne ni shilingi ngapi? Wako wanaosema kwamba simu za mkononi siku hizi hukokotoa kila kitu. Ni kweli, lakini mama aliye mbele ya genge, mtoto mgongoni na kikapu mkononi, hutegemea kwanza kichwa chake ili asipunjwe.

Wa nne ni wa kadi. Jedwali la moja hadi kumi lina mazidisho 100, na wingi huo humvunja mtoto moyo. Ondoa ya moja, mbili, tano na kumi, ambayo ni mepesi. Ondoa pia yanayojirudia kwa kugeuzwa. Yatabaki 21 tu. Kata vipande 21 vya boksi, uandike zidisho moja katika kila kipande, kuanzia 3 × 3 hadi 9 × 9. Anayejibu sawa huchukua kadi. Anayekosea huirudisha chini ya fungu, nayo itamrudia baadaye. Mtoto anapoiona adui yake ni kadi 21 tu mezani, na kila siku zinapungua, hupata moyo wa kupigana nazo.

Yako masharti matatu ya kuzingatia. Mchezo usizidi robo saa, na ukome wakati mtoto bado anautamani. Mtoto asilinganishwe na nduguye, wala asichekwe. Na anapokosea, asiambiwe jawabu upesi. Arudishwe kwenye kete, zimwambie zenyewe.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba elimu impe mtu akili ya kudadisi na moyo wa kujiamini. Mambo hayo mawili hayaoti penye woga. Mtoto anayeficha daftari leo kwa kuogopa saba mara nane, kesho ataficha maswali yake yote, na huenda akaamini maisha yake yote kwamba hesabu ni za watu wengine.

Ndugu msomaji, jioni ya leo liache daftari lipumzike. Keti chini na mwanao, mpange vifuniko mistari mitatu ya vinne vinne, umwulize anaona nini. Kisha unyamaze, umngoje. Haba na haba hujaza kibaba.