Msema Pweke Hakosi: Filamu ya Disraeli (1929) na Hoja ya Uhuru wa Msanii

Wahakiki wa filamu za wasifu, hasa zile zinazowahusu viongozi wa mataifa, wamegawika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza huikagua filamu kwa tarehe na majina, na kila inapokuta kosa huitia alama nyekundu. Kambi ya pili hujikinga kwa hoja ya uhuru wa msanii: sanaa, inasema, si jalada la nyaraka, na anayetaka historia na aende maktaba. Filamu ya Disraeli, iliyotolewa na kampuni ya Warner Bros. mwaka 1929 chini ya uelekezaji wa Alfred E. Green, inadhihirisha kwamba kambi zote mbili hazijalikabili swali lenyewe.

Filamu hii ni miongoni mwa zile za mwanzo za sauti kumsawiri kiongozi wa dola. Chimbuko lake ni tamthilia ya Louis N. Parker ya mwaka 1911, na mwigizaji mkuu, George Arliss, alikuwa amekwisha kuigiza nafasi hiyo jukwaani na katika filamu bubu ya 1921. Toleo la sauti lilimpatia tuzo ya Oscar. Kisa chenyewe ni chepesi. Benjamin Disraeli, Waziri Mkuu wa Uingereza, anataka kununua hisa za Mfereji wa Suez kabla Urusi haijamtangulia. Jasusi wa kike anamnyemelea, mkuu wa Benki ya Uingereza anamkatalia msaada, na mwenye benki aliyejitolea, Hugh Myers, anafilisika. Disraeli anamtisha mkuu wa Benki hadi anatia saini, kisha anakiri kwamba hakuwa na uwezo wa kulitekeleza tishio lake. Hatimaye Malkia Victoria anakuwa Kaisari wa India.

Kambi ya kwanza haitakosa la kusema. Mary Anne, mke wa Disraeli, ambaye katika filamu yu hai hadi tamati, alifariki Desemba 1872, miaka mitatu kabla ya ununuzi huo. Aidha, fedha zilitolewa na nyumba ya Rothschild. Myers ni wa kubuni. Kasoro hizi hazina uzito. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile (1969), alibainisha kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu, si yule wa historia, na tamthilia haikupungukiwa ukweli kwa sababu hiyo. Hata hivyo, Hussein aliutumia uhuru huo kuutanua mgogoro, hata Kinjeketile akajikuta ameelemewa na neno alilolitamka mwenyewe. Parker na Green waliutumia kuufuta.

Mgogoro uliofutwa ni huu. Mnamo Novemba 1875 Ismail, Khediwi wa Misri, aliyekuwa amekabwa na madeni, aliuza hisa 176,602 kati ya hisa 400,000 za kampuni ya mfereji kwa takriban pauni milioni 4. Rothschild alitoza kamisheni ya asilimia 2.5. Isitoshe, kwa kuwa faida ya hisa hizo ilikuwa imekwisha kuwekwa rehani hadi mwaka 1894, Misri ilitakiwa kuilipa Uingereza riba ya asilimia 5 kila mwaka kwa kipindi hicho chote. Yaani muuzaji alimlipa mnunuzi. Ni mtunzi gani wa tamthilia angeliacha tukio kama hilo? Lakini katika filamu Ismail hapewi sauti. Misri ni mahali anakotumwa kijana Deeford, na habari zake hurudi London kwa simu ya maandishi yenye fumbo. Wakulima waliouchimba mfereji huo kwa kazi ya shokoa hawana nafasi kabisa.

Watetezi watasema kwamba maikrofoni za miaka hiyo ziliwafungia waigizaji vyumbani. Hoja hii ina ukweli, ila haifiki mbali. Chumba cha Khediwi kingeweza kujengwa studioni kama kilivyojengwa cha Waziri Mkuu. Tena kampuni hiyohiyo na mwigizaji huyohuyo walitoa The Green Goddess mwaka 1930, ambamo Arliss ni Raja wa nchi ya kubuni huko Himalaya, mwenye Kiingereza fasaha na moyo katili. Mitambo, basi, haikushindwa kuinasa sauti ya mtawala wa Mashariki. Iliinasa alipokuwa mhalifu. Alipokuwa muuzaji aliyebanwa, ikanyamaza.

Wengine watajibu kwamba wasifu ni wa mtu mmoja, na kwamba kumdai msanii amwingize Ismail ni kumgeuza mwanasiasa. Wanasahau kwamba Ismail hakuwa mnyonge wa kuhurumiwa tu. Mwaka huohuo wa 1875 majeshi yake yaliikalia Barawa na Kismayu, miji ya pwani iliyokuwa chini ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Barghash alilalamika, Uingereza ikamshinikiza Ismail, naye akayaondoa. Mtawala anayenyang'anya miji ya mwenzake huku akiuza mali ya nchi yake ni mhusika mwenye utata kuliko majasusi wote wa Parker. Kumwacha nje hakukuikinga sanaa dhidi ya siasa. Kuliinyima mhusika wake bora, na kukampa Disraeli ushindi usio na mpinzani wa kweli.

Haifai kuinyima filamu sifa inayostahili. Inaonyesha dharau aliyotendewa Disraeli kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, na Arliss anaiigiza hali hiyo kwa utulivu wenye uchungu. Hapo ndipo lawama inapozidi. Kazi inayoitambua dharau dhidi ya mtu mmoja sebuleni haiitambui dharau dhidi ya nchi ambayo mali yake inauzwa katika sebule hiyohiyo. Filamu ilipotolewa, majeshi ya Uingereza, yaliyoingia Misri mwaka 1882, yalikuwa yangali huko. Na mfereji haukutaifishwa hadi Julai 1956, chini ya Gamal Abdel Nasser. Mtazamaji wa 1929 alikuwa akifundishwa kushangilia hila ambayo matokeo yake yalikuwa hayajaisha.

Uhuru wa msanii hauna budi kuhojiwa: umetumiwa kwa faida ya nani, na kwa gharama ya nani? Mwanafunzi aliyezoezwa kuhesabu tarehe atayaona makosa mawili ya Disraeli na kuridhika. Atakayeuliza ni nani aliyenyimwa zamu ya kusema ataliona la tatu, ambalo halimo katika orodha yoyote ya tarehe.