Neno Lisafiri, Ua Libaki

Wako wasemao kwamba kupelekeana maua ni uigaji wa Wazungu. Kauli hii ni dharau kwa mama zetu. Mombasa, Lamu na Unguja zakijua kikuba cha asumini, mrehani na mkadi tangu enzi za mababu. Tulichoiga si ua, bali njia ya kulituma. Mwaka 1910 baadhi ya wauza maua wa Marekani waliungana kupelekeana maagizo kwa simu ya maandishi: neno likasafiri, ua likachumwa karibu na mpokeaji. Hiyo ndiyo iliyokuwa busara ya kazi ile.

Leo twaipindua. Bibi harusi wa Mombasa aagiziwa waridi la Naivasha lililokeshwa katika chumba cha baridi, hali mtunga asumini amekaa njiani na sinia lake. Tutaambiwa kwamba asumini hunyauka kwa usiku mmoja. Naam, na kwa sababu hiyo hasa yafaa ichumwe jirani, jioni ile ile. Atakaye kutuma ua na atume neno na fedha. Tukizidi kumpita mtungaji huyu, maua tutakuwa nayo, lakini kikuba hatutakuwa nacho.