Enyi Mawakala wa Ajira, Mimi Si Mbuzi wa Kiamaiko

Leo siandiki kuhusu programu. Nimejaribu kunyamaza wiki mbili nzima na nimeshindwa. Kama ulikuja kutafuta maelezo ya hifadhidata, pole, rudi wiki ijayo. Leo natoa dukuduku langu.

Nilitafuta kazi kwa miezi 7. Kampuni ndogo niliyokuwa nikiifanyia kazi ilifunga milango pesa za wawekezaji zilipoisha. Tuliambiwa Ijumaa jioni kwamba Jumatatu hakuna haja ya kuja. Sikushtuka sana. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta, nina miaka 5 ya kuandika JavaScript na PHP, na kila siku tunaambiwa kwamba Nairobi ina njaa ya watu kama mimi. Nikatuma CV yangu kwa mawakala wanne wa ajira, nikakaa kungoja simu. Hapo ndipo nilipokosea.

Simu ya kwanza ilikuja baada ya siku tatu.

"Hujambo? Naona kwenye CV yako unajua Java."

"Sijambo, madam. Hapana, ni JavaScript."

"Eeh, hiyo hiyo. Una miaka mingapi ya Java?"

Kwa msomaji asiye wa fani hii: Java na JavaScript ni lugha mbili tofauti kabisa za kuandikia programu. Java ilitoka kwa Sun Microsystems. JavaScript ilitungwa na Brendan Eich kule Netscape mwaka 1995, na jina lake likabandikwa hivyo kwa sababu za kibiashara. Zinahusiana jinsi kiboko wa Ziwa Naivasha anavyohusiana na kiboko cha mwalimu. Mtu ambaye kazi yake ni kuwatafutia kampuni watu wa fani yetu, na hajui hilo, ni kama fundi wa nguo asiyejua shati na suruali.

Lakini hilo nitalisamehe. Si letu peke yetu, hata huko ng'ambo wanalo. Mwaka 2020 Sebastián Ramírez, aliyetunga FastAPI, alieleza hadharani kwamba aliona tangazo la kazi linalotaka mtu mwenye miaka 4 au zaidi ya kuitumia FastAPI. Yeye mwenyewe hakustahili kuomba, kwa sababu alikuwa ameianzisha mwaka mmoja na nusu tu kabla ya hapo. Tulicheka wote. Ujinga unachekesha. Nilichoshindwa kukicheka ni kilichofuata.

Yule madam aliniuliza nina mshahara gani wa zamani, nikamwambia. Nikamuuliza kampuni yenyewe ni ipi, akasema hiyo ni siri ya mteja. Nikauliza mshahara ni kiasi gani, akasema "ni wa kuvutia." Kisha akasema: "Nitumie CV yako kwa Word. Usitume PDF." Mimi nilikuwa nimeipanga vizuri kwenye PDF ili isivurugike kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Lakini mwenye shida hana ubishi. Nikatuma ya Word.

Kimya. Wiki, mwezi, miezi miwili. Nikipiga simu, haishikwi. Nikiandika barua pepe, haijibiwi.

Nikaamua kuomba mwenyewe. Nikaona tangazo la kampuni moja ya huko Westlands, nikatuma maombi moja kwa moja. Wakanipa mtihani wa kuandika programu, nikaufanya kwa usiku tatu, nikapita. Nikaitwa mahojiano ya kwanza, nikapita. Nikaitwa ya pili, ambayo ndiyo ya mwisho. Nilivaa koti la kaka yangu. Wakati huo nilikuwa na deni la kodi ya miezi miwili, na landilodi alikuwa ameacha kunisalimia.

Mwenyekiti wa mahojiano akaweka karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa CV yangu, ile ya PDF. Ya pili pia ilikuwa na jina langu, lakini juu ilikuwa na nembo ya wakala. Namba yangu ya simu haikuwepo. Barua pepe yangu haikuwepo. Na palipokuwa na JavaScript miaka 5 pameandikwa: Java, miaka 7.

Akaniuliza kwa upole: "Kati ya hawa wawili, wewe ni yupi?"

Miaka 7 iliyopita mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni, najifunza kuandika programu ya kujumlisha namba mbili. Nilieleza. Nilieleza hadi jasho likanitoka. Walinisikiliza kwa adabu, na wiki iliyofuata wakaniandikia kwamba wameamua kutoendelea. Mtu mmoja wa pale, Mungu ambariki, alinieleza sababu kwenye simu. Kwanza, CV mbili zinazopingana zinaleta shaka. Pili, na hili ndilo kubwa, wakala alikuwa amekwisha kunipeleka pale kabla sijaomba mwenyewe. Kama wangeniajiri, angewadai ada yake. Hawakutaka ugomvi. Kulikuwa na mwombaji mwingine asiye na ugomvi.

Nilikaa kituo cha basi nikahesabu. Ada ya wakala kwa kawaida ni sehemu ya mshahara wa mwaka wa kwanza, na anayelipa ni mwajiri. Tuseme mshahara ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwaka mzima ni 1,800,000. Tuseme ada ni asilimia 20. Hiyo ni shilingi 360,000 ambayo kampuni ingelipa kwa mtu ambaye alikuja mwenyewe kwa miguu yake. Hata mimi ningesita.

Sasa nisikilize, kwa maana hapa ndipo penye neno lenyewe. Kwa muda mrefu nilidhani mawakala hawa ni wazembe tu, watu wasiojua kazi yao. Nimebadilisha mawazo. Kazi yao wanaijua vizuri sana, sisi ndio hatuijui. Sisi tunadhani tu wateja wao. Mteja ni yule anayelipa, na sisi hatulipi. Nenda Kiamaiko asubuhi ukaangalie biashara ya mbuzi. Dalali anazungumza na mwuzaji, anazungumza na mnunuzi. Hujamwona dalali akimpigia mbuzi simu kumwambia jinsi mambo yalivyokwenda.

Ukishaelewa hilo, kila tabia yao iliyokuwa ikikushangaza inakuwa wazi kama mchana:

1. Kwa nini wanataka Word? Ili waweze kuihariri. Wanafuta simu na barua pepe yako ili kampuni isikupate bila wao, kisha wanabandika nembo yao. Na wakiona neno moja limepungua ili ulingane na tangazo, wanaliongeza.

2. Kwa nini wanakuwa na haraka siku ya kwanza halafu wanapotea? Kwa sababu wakala wa kwanza kukufikisha kwa mwajiri ndiye mwenye haki ya kudai ada. Ni mashindano ya mbio. Wakishakuwasilisha, mbio zao zimekwisha. Kukujibu hakuwaongezei senti.

3. Kwa nini hawataji jina la kampuni? Wanaogopa utaenda mwenyewe. Na wakati mwingine kampuni haipo. Tangazo limewekwa kukusanya CV tu, ziwe akiba ghalani.

4. Kwa nini wanakuuliza "umefanya mahojiano wapi kwingine"? Si kwamba wanakujali. Umewatajia kampuni zinazoajiri. Kesho watazipigia simu kuwauzia watu wengine, na hao ni washindani wako.

5. Kwa nini wanataka kujua mshahara wako wa zamani ilhali hawataji mpya? Ili ofa ikija ipimwe kwa umaskini wako, wala si kwa uzito wa kazi.

Sisi waandishi wa programu tukiona kitu kinatenda vibaya, swali la kwanza ni kama kimeharibika au kimeandikwa hivyo. Huu mfumo haujaharibika. Umeandikwa hivyo.

Najua majibu yao. Wanasema nafasi moja inaletewa mamia ya CV, hawawezi kumjibu kila mtu. Uongo! Barua ya kusema "hapana" kwa watu 500 ni programu ya mistari ishirini. Naweza kuiandika nikisubiri chai ichemke. Wanasema pia kwamba kampuni ndizo zinazowaficha majibu. Pengine. Lakini nani aliwalazimisha kuandika Java, miaka 7?

Na ili nisionekane nimewapaka wote tope: katika miezi hiyo 7 nilikutana na wakala mmoja mwungwana. Dakika ya kwanza alinitajia kampuni na kiwango cha mshahara, akaniuliza kama nakubali jina langu lipelekwe, na nilipokosa akanipigia kuniambia nimekosea wapi. Mazungumzo hayo ya mwisho hayakuchukua dakika nne. Kumbe inawezekana. Basi wengine wasituambie haiwezekani.

Sasa, tufanye nini? Kulalamika peke yake hakumlipi landilodi.

Kwanza, jua kwamba CV yako ni data yako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Una haki ya kuambiwa data yako inatumiwa kwa kazi gani, haki ya kuiona, haki ya kusahihishiwa makosa, na haki ya kudai taarifa za uongo zifutwe. Ukipuuzwa, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Tumezoea kudhani sheria hii ni ya benki na kampuni za mikopo ya simu. Hata wakala aliyebandika nembo juu ya jina lako anahusika.

Pili, wakala wa ajira hapa Kenya sharti awe amesajiliwa. Hilo limo katika Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2007. Kabla ya kumtumia mtu kitambulisho chako na maisha yako yote, muulize usajili wake. Akianza kuzungukazunguka, kata simu.

Tatu, usitumie mia yako kununua vyeti kabla ya wakati. Nimeona matangazo yanayodai mwombaji aje na cheti cha tabia njema, cheti cha HELB, cheti cha kodi na cha mikopo, eti kabla hata ya kuorodheshwa. Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha Sheria ya Ajira: mwajiri asikudai vyeti hivyo isipokuwa anakusudia kuingia nawe mkataba wa maandishi. Na yule anayekutaka utume "ada ya usajili" kwa M-Pesa, huyo usibishane naye. Mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unaweka kanuni kwamba mtafuta kazi asitozwe ada na wakala. Mtu asiye na kazi ndiye wa mwisho kabisa kutozwa pesa.

Nne, na hili linahitaji tushikamane, tukatae kupelekwa kimyakimya. Mimi sasa nina masharti matatu, na nayasema kwenye simu ya kwanza. Nitajie kampuni. Nitajie kiwango cha mshahara. Usinipeleke popote bila idhini yangu ya maandishi kwa nafasi hiyo moja. CV yangu natuma kwa PDF tu. Wako waliokata simu. Sawa. Mtu anayekata simu kwa sababu umemwuliza anakupeleka wapi, hakuwa anakupeleka pazuri.

Utaniambia ni rahisi kwangu kusema hivyo kwa sababu nilipata kazi. Kweli nilipata, mwezi wa 7, kupitia kwa rafiki tuliyesoma naye. Na hilo lenyewe ni aibu. Yule aliyesoma Kisii au Lodwar, asiye na rafiki Nairobi, yeye amebakiwa na hao mawakala tu. Kwake karatasi yenye uongo ikipelekwa kwa jina lake, hakuna mtu wa kumpigia simu kumweleza kwa nini mlango ulifungwa. Ataendelea kudhani yeye ndiye hafai. Mimi nilidhani hivyo kwa miezi mingi, na nisingependa mtu mwingine adhani hivyo hata wiki moja.

Nilimwandikia yule wakala nikitaja sheria ya 2019. Nikadai nakala ya kila walichokiandika kwa jina langu, na wanifute. Walionikalia kimya kwa miezi walijibu kwa siku mbili. Barua fupi, haina samahani: "Data yako imefutwa kama ulivyoomba."

Baada ya wiki tatu simu ikalia. Namba ileile.

"Hujambo? Naona kwenye CV yako unajua Java."