TUELIMISHANE: Swichi ndogo ya nyumbani na batri itakayoilisha



Tangu mwezi wa tano mwaka 2025, wakati ARPTC ilipoipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi katika nchi yetu, mazungumzo ya intaneti na kamera za nyumbani yameongezeka. Fundi anafika kwenye parsele, anaangalia ukuta na mlango mkubwa, kisha anaacha orodha ya vyombo. Katika orodha ile mara nyingi kuna chombo ambacho wengi wetu hatukijui: swichi ya PoE. Wamama wanatuuliza: ni kitu gani? Ni lazima? Na kama ni lazima, tuchague ipi?

Ulizo hili ni la feza kwanza, tena ni la usalama wa nyumba. Basi tulichukue polepole, hatua kwa hatua, kama darasani.

Swichi ni nini?

Swichi tunayosema hapa si ile ya ukutani ya kuwasha taa. Ni kisanduku kidogo chenye matundu 5 ao 8, ambamo kable za intaneti zinakutana. Kable moja inatoka kwenye modemu, nyingine zinaenda kwenye kompyuta, kwenye kamera, kwenye chombo cha kutawanya wifi. Ni kama njia panda: kila habari inayofika inaonyeshwa njia yake.

Swichi ya kawaida inapitisha habari tu. Swichi ya PoE inapitisha habari na umeme katika kable ileile. Kamera ya mlangoni haihitaji tena waya mwingine wa umeme. Kable moja inatoka nyumbani, inafika kwenye kamera, kazi imekwisha. Kwa parsele zetu, ambamo nyumba kubwa iko mbele, jiko na vyumba vya watoto viko nyuma, na batri iko chumba kimoja tu, huo ni msaada wa kweli. Batri moja, ndani ya chumba kinachofungwa kwa ufunguo, inalisha vyombo vyote.

Kuna aina mbili, na wauzaji wengine wanazichanganya. Ya kwanza inatoa umeme: unaichomeka kwenye umeme, nayo inalisha kamera na wifi. Ya pili inapokea umeme: yenyewe inalishwa kwa kable inayotoka kwenye swichi kubwa, na hauhitaji prizi pale unapoiweka. Kwa mfano, USW Flex Mini ya Ubiquiti ina matundu 5, inaweza kulishwa kwa kable ya PoE ao kwa waya wa USB-C, lakini haitoi umeme kwa chombo kingine. Inafaa kwa chumba cha nyuma ambamo watoto wana kompyuta mbili na prizi hakuna ya kutosha. Haifai kwa kulisha kamera. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza wazi: «Hii inatoa ao inapokea?»

Tuhesabu batri kabla ya kuhesabu dola

Hapa ndipo wamama tunapaswa kuwa wakali. Nyumba nyingi kwetu zinaishi kwa pano za jua na batri, ao kwa grupu saa chache za jioni. Hata mwenye kuunganishwa kwenye laini ya umeme anajua siku za kukatika. Chombo kinachowaka usiku na mchana kinakula hata kama hakuna anayekitazama.

Tuchukue parsele moja ya mfano. Swichi yenyewe inakula wati 5. Chombo cha wifi wati 7. Kamera mbili, kila moja wati 5, ni wati 10. Jumla ni wati 22. Inaonekana kidogo, sivyo? Lakini zidisha kwa saa 24: ni wati-saa 528 kila siku.

Sasa tuangalie batri. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200. Ikiwa ni ya risasi, kama zile nyingi tunazonunua, ukipita nusu mara kwa mara unaiua mapema. Basi unayo wati-saa 600 za kutumia. Vyombo vile vinne vimekula karibu zote kwa siku moja, na bado hujawasha taa, hujachaji simu, hujaongeza kile kinachopotea ndani ya inverta. Siku tatu za mawingu na mvua, nyumba iko gizani.

Tena modemu ao antena haimo katika hesabu hiyo. Antena ya kawaida ya Starlink inaweza kula wati 75 mpaka 100. Ile ndogo inayoitwa Mini inakula wati 25 mpaka 40. Na antena hizo hazilishwi na swichi ya PoE ya kawaida, zina njia yake ya umeme. Fundi akikwambia kwamba swichi italisha kila kitu, mwombe akuonyeshe maandiko.

Kuna njia ya kupunguza. Ukizima wifi saa tatu ya usiku na kuiwasha saa kumi na mbili ya asubuhi, umeokoa saa 9 mara wati 7, yaani wati-saa 63. Hizo zinatosha kuchaji simu tatu kubwa. Na watoto watalala.

Mambo sita ya kusoma kwenye katoni

Bidhaa hizi zinatufikia kupitia Kasindi, zikitoka Kampala, Nairobi, Dubai ao Uchina. Katika magazini za Rue Président de la République mjini Butembo, ao za Boulevard Nyamwisi mjini Beni, katoni zinafanana. Soma haya:

1. Namba ya kanuni. Tafuta 802.3af ao 802.3at. Ya kwanza, ya mwaka 2003, inatoa mpaka wati 15,4 kwa kila tundu. Ya pili, ya mwaka 2009, inatoa mpaka wati 30. Kuna ya tatu, 802.3bt ya mwaka 2018, yenye nguvu zaidi, lakini nyumba ya kawaida haiihitaji. Kwa kamera na wifi ndogo, af inatosha mara nyingi.

2. Neno «passive». Ukiliona, simama kwanza. Swichi inayofuata kanuni inauliza chombo kwanza: «Wewe unapokea umeme?» Kisipojibu, haitoi. Ile ya «passive» haiulizi, inasukuma umeme tu. Ukichomeka kompyuta ya mtoto kwenye tundu lile, unaweza kuiunguza.

3. Jumla ya wati. Katoni inaweza kuandika matundu 4 ya wati 30. Mtu anahesabu 120. Lakini mstari mwingine, mdogo, unasema jumla ni wati 60 ao chini ya hapo. Jumla ile ndiyo kweli. USW Lite 8 PoE, kwa mfano, ina matundu 8, lakini 4 tu yanatoa umeme, na yote manne yanagawana wati 52.

4. Idadi ya matundu. Hesabu vyombo vyako, ongeza kimoja cha akiba, na tundu moja la kable inayotoka kwenye modemu. Kamera mbili na wifi moja: swichi ya matundu 5 inatosha. Usiuziwe ya 16.

5. Feni. Chagua isiyo na feni. Haipigi kelele, haivuti vumbi letu jekundu, na kuna kitu kimoja pungufu cha kuharibika.

6. Adapta. Nyingi zinaandika volti 48 mpaka 54. Maana yake haiwezi kuunganishwa moja kwa moja kwenye batri ya volti 12. Itapita kwenye inverta. Kuna swichi zinazopokea volti 12 na kuzipandisha zenyewe. Ukiipata, hasara ya umeme inapungua.

Juu ya mwendo: swichi ya megabiti 100 inatosha kwa kamera. Ile ya gigabiti ni nzuri kama bei haiachani sana.

Kable na radi

Swichi nzuri na kable mbaya ni sufuria mpya juu ya mafiga yaliyovunjika. Kable nyingi za bei ya chini si shaba: ni alumini iliyopakwa shaba juu. Umeme unapotea njiani, kable inapata joto. Omba kipande, kwaruza uzi wake kwa wembe. Ukiona nyeupe ndani, rudisha. Tena kable isipite mita 100 kutoka swichi mpaka chombo.

Milima ya mashariki ya Congo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi zaidi, na wamama wa Butembo hamhitaji mwalimu awaambie. Kable inayopita nje, kutoka nyumba mpaka mlangoni, inaweza kuleta nguvu ya radi ndani ya chumba, hata kama radi imeanguka mbali kidogo. Fundi anayejua kazi ataweka kinga ya radi na waya wa kwenda ardhini. Mvua kali inapokaribia, chomoa kable zinazotoka nje kabla ngurumo hazijafika karibu. Na wakati wa radi, mtoto asiguse swichi.

Wakati wa kusema «hapana»

Tunasema wazi: familia nyingi zinazotusoma hazihitaji swichi hii. Kama unataka intaneti kwa masomo ya watoto tu, modemu ndogo ya Vodacom, Airtel ao Orange inatosha, na haina kable ya kupitisha popote. Kama ni kamera moja tu, kuna kisanduku kidogo kinachoitwa injekta, kinachoweka umeme kwenye kable moja. Bei yake iko chini ya bei ya swichi. Swichi inaanza kuwa na maana kuanzia vyombo viwili ao vitatu vilivyo mbali na batri.

Kwa vikundi vinavyotaka kununua pamoja, kwa mfano kwa nyumba ya mikutano ao kwa magazini ya kikundi: ndani ya MUSO zetu tunajua kazi ya kila kasha. Kasha jekundu ni la ugonjwa, kilio na shida za ghafla. Lisiguswe kwa ajili ya vyombo. Kama wanachama wamekubali, mkopo utoke kwenye kasha la kijani, uandikwe, na iandikwe pia nani atalipa batri mpya siku ya kwanza itakapokufa. Batri ndiyo itakayorudi kuomba feza, si swichi.

Na neno juu ya kamera zenyewe. Katika hali tunayoishi, kila mama anataka jicho moja zaidi mlangoni, na tunaelewa. Lakini kamera inaonyesha, haizuii. Haichukui nafasi ya jirani anayeamka ukiita, wala ya watu wa nyumba kumi. Igeuze kwenye mlango wako, si kwenye uwanja wa jirani. Isiwekwe chumbani wala pa kuogea, hata kwa kumchunga msichana wa kazi. Badilisha neno la siri lililotoka kiwandani siku ileile, na mama wa nyumba alijue. Si fundi na baba peke yao.

Kazi ya nyumbani

Kabla ya fundi kurudi, chukua daftari la mtoto. Andika vyombo unavyotaka, wati za kila kimoja, saa kitakazowaka. Zidisha, jumlisha. Chini yake andika nguvu ya batri yako, ugawe kwa mbili. Kama namba ya juu inapita ya chini, nunua pano ao batri kwanza, ao punguza vyombo. Mwachie mtoto wa darasa la sita afanye hesabu: ni mazoezi mazuri, na atakukumbusha kuzima wifi.

Leteni daftari zenu kwenye mkutano wa kikundi. Tutazipitia pamoja.

Mubaki na amani.