Paa ni la mwenye nyumba: wahami wanaotengeneza garaji za Nyankunde wasifukuzwe zikisha kung'aa

Mambo huenda hivi. Familia inafika Nyankunde ikikimbia vita. Kijana wa familia hiyo, ambaye kule alikotoka alikuwa na shamba au duka, anatafuta kazi ambayo haihitaji shamba. Anaona pikipiki na magari yanayoingia kutoka barabara ya Bunia na Komanda yakiwa yamepakwa tope jekundu hadi kwenye vioo. Anaona Land Cruiser za mashirika, magari ya wagonjwa wanaoletwa hospitalini, taksi-moto zinazolala chafu na kuamka chafu. Anasema: hapa kuna kazi. Anatafuta mahali, na mwenye nyumba mmoja anamuonyesha garaji ya zamani: kuta nne, tole zilizotoboka, sakafu ya udongo, majani yanamea ndani. Wanapatana kwa mdomo. Kodi ni ndogo kwa sababu mahali pameharibika. Wanashikana mikono.

Baada ya miezi kadhaa garaji ile inakuwa na paa, sakafu ya sima, mfereji, mlango unaofungwa. Wateja wanapajua. Ndipo mwenye nyumba anakuja asubuhi moja na kusema kodi imepanda mara mbili, au mtoto wake amerudi kutoka Bunia naye anataka kuosha magari. Kijana anapewa wiki moja. Anaondoka na ndoo zake na sifongo zake. Sima haibebwi kichwani, inabaki.

Jambo hili liitwe kwa jina lake. Ni wizi, hata kama mwenye nyumba ana hati ya kiwanja, hata kama ni mzee wa kanisa, hata kama alimpa mhami maji ya kunywa siku ya kwanza.

Wapo wanaosema: kwani kuosha gari ni kazi gani? Ndoo, sabuni, kitambaa, basi. Wanaosema hivyo hawajawahi kuosha gari la mtu mwenye kuchagua. Gari lenye tope kavu likifutwa kwa kitambaa, mchanga ulio ndani ya tope unakwaruza rangi kama msasa, kwa hiyo kwanza maji mengi, tena kwa nguvu, kabla ya mkono kugusa. Ndoo ya sabuni na ndoo ya kusuuza lazima ziwe mbili, la sivyo mchanga uliotoka kwenye tairi unarudi kwenye mlango. Dawa ya kung'arisha haipakwi juani: bati la gari likiwa la moto dawa inakauka kabla ya kusuguliwa na kuacha madoa. Maji nayo yakikauka juani yanaacha alama nyeupe. Viti na tapi za ndani vinataka kivuli na upepo ili vikauke bila kunuka. Kwa hiyo mwenye kazi hii anahitaji nyumba. Chini ya mwembe anaweza kuosha pikipiki, lakini gari la kulipwa vizuri linataka paa.

Na nyumba yenyewe si ukuta na paa tu. Sakafu ya udongo ikimwagiwa maji siku nzima inakuwa matope, gari linatoka chafu chini kuliko lilivyoingia. Lazima imiminwe sima, na imiminwe kwa mteremko, sentimita moja au mbili kwa kila mita, maji yakimbilie kwenye mfereji. Fundi asiyejua hilo anamimina sakafu sawasawa kama meza, halafu maji yanasimama katikati na mtu anasimama ndani yake kutwa. Mfereji unaishia kwenye shimo, na shimo hilo ndipo ujuzi wote ulipo. Linatakiwa kugawanywa kwa ukuta ndani. Upande wa kwanza mchanga na tope vinazama. Upande wa pili mafuta yanaelea juu, na bomba linalotoa maji linachukua kutoka chini, si juu, ili mafuta yabaki. Mafuta hayo yanachotwa na kuwekwa kwenye bidoni. Tope linachimbwa mara kwa mara kwa chepeo. Ni kazi ya kuchukiza, na ndiyo inayotenganisha garaji na uchafuzi.

Ukihesabu mifuko ya sima, mchanga, kokoto, tole, misumari, mbao, bomba, na siku za kazi za vijana watatu au wanne ambao hawakujilipa, utaona kwamba kinachobaki mkononi mwa mwenye nyumba siku ya kumfukuza mpangaji ni mali kubwa kuliko kodi ya mwaka mzima. Nani alimlipa mhami kwa mali hiyo? Hakuna.

Sasa, wenye nyumba wana maneno yao, na baadhi ni ya kweli. Wapo wapangaji wanaoondoka usiku na deni la miezi minne. Wapo wanaotoboa ukuta bila kuuliza, wanaomwaga mafuta machafu ya injini nyuma ya nyumba mpaka hata muhogo hauoti tena. Mwenye nyumba aliyeumwa hivyo akiogopa ana haki. Lakini neno linalorudiwa zaidi ni lile la "mimi nilimsaidia, nilimpa mahali". Alimpa gofu. Kodi aliipokea. Msaada gani unaolipiwa kila mwisho wa mwezi?

Na Nyankunde, kati ya vijiji vyote vya Irumu, haina ruhusa ya kusahau. Tarehe 5 Septemba 2002 mauaji yalianza hapa, watu zaidi ya elfu moja wakauawa, nyumba zikachomwa, hospitali ya CME ikaporwa. Waliopona walitembea kwa miguu kuelekea Oicha na Beni. Wengi wa wenye nyumba wa leo walikuwa wapangaji huko Kivu ya Kaskazini. Walijenga vibanda kwenye viwanja vya wengine, walitengeneza vyumba vya wengine, na wanajua walivyojisikia walipoambiwa watoke. Garaji nyingine zinazopangishwa leo kama magofu ni magofu ya mwaka ule. Mtu anayemfukuza mhami kutoka kwenye ukuta ambao yeye mwenyewe aliukimbia miaka hiyo anahitaji kukaa kitako na kufikiri kidogo.

Lakini huruma peke yake haijawahi kulipa mfuko wa sima, kwa hiyo tuzungumze sheria. Kongo iliingia katika OHADA tarehe 12 Septemba 2012, ikawa nchi ya 17. Tangu hapo nyumba inayopangishwa kwa biashara au kazi ya ufundi inafuata sheria ya pamoja ya biashara iliyopitishwa Lomé mwezi Desemba 2010. Wengi wanadhani sheria hiyo ni ya maduka makubwa ya Kinshasa. Si kweli. Inataja wazi majengo ya kazi za mikono, na inasema mapatano ya kupanga ni mapatano yawe yameandikwa au hayakuandikwa. Kwa hiyo hata wale walioshikana mikono tu chini ya mwembe wamo ndani yake.

Inasema nini? Kifungu cha 106 kinasema matengenezo makubwa ni juu ya mwenye nyumba, na kinayataja: kuta kubwa, boriti, paa, uzio, hata shimo la choo na shimo la maji machafu. Msikilizaji asome tena: paa, na shimo la maji machafu. Yale mambo mawili ambayo kijana mhami anayalipa kwa jasho lake kila siku hapa kwetu, sheria inayaweka kwenye mfuko wa mwenye nyumba. Akikataa, kifungu kinachofuata kinamruhusu mpangaji kuomba mahakama impe kibali cha kufanya kazi hiyo kwa hesabu ya mwenye nyumba.

Kuhusu ile wiki moja ya kuondoka: kama mapatano hayakuwekewa mwisho, kifungu cha 125 kinataka taarifa ya miezi sita, tena taarifa inayoweza kuthibitishwa, si kelele za asubuhi mlangoni. Na kifungu cha 131 kinasema mpangaji anayetoka bila haki ya kuongezewa muda anaweza kurudishiwa gharama ya alichojenga na kutengeneza, ikiwa alifanya hivyo kwa ruhusa ya mwenye nyumba.

Hapo kwenye "ruhusa" ndipo wahami wanapopoteza. Mwenye nyumba aliona sima ikimiminwa, alikuja hata kunywa chai na mafundi, akasifu. Siku ya ugomvi anasema hakuwahi kuruhusu. Nani atamshuhudia mgeni dhidi ya mwenyeji? Mahakama iko Bunia, karibu kilomita 45, na kwenda huko kunahitaji nauli, siku ya kazi iliyopotea, na moyo wa kupita vizuizi vya barabarani. Mhami hana vyote vitatu. Anachagua kunyamaza na kwenda mtoni.

Na mtoni ndipo hasara ya mmoja inapogeuka kuwa ya wote. Kijana aliyefukuzwa hana sakafu wala shimo, ila kazi anaijua na wateja anao. Anaendesha pikipiki mpaka ndani ya maji. Sabuni, mafuta ya mnyororo, mafuta ya injini, vyote vinateremka, na chini kidogo kuna mama anajaza bidoni ya kupikia. Viongozi wanakuja wanawafukuza vijana, wanatoza faini, wanataja sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015. Ni sawa, mto haustahili kuwa garaji. Lakini viongozi hao hao walikuwa wapi siku kijana alipotolewa kwenye garaji yenye shimo la kuchuja mafuta? Kumtoza faini aliye mtoni na kumwacha aliyempeleka mtoni ni kufanya kazi nusu.

Mashirika nayo yasijifiche. Wanafundisha vijana miezi mitatu, wanapiga picha, wanagawa vyeti na mashine ya kurusha maji. Mashine inapewa mtu asiye na mahali pa kuiweka. Wachache ndio huuliza kabla ya kugawa: utafanyia wapi, kwa mapatano gani, kwa muda gani? Mashine ya maji bila sakafu inachimba shimo ardhini, na hatimaye inauzwa sokoni kwa bei ya kutupa. Sehemu ya fedha hizo ingelipa tole na kusimamia karatasi moja.

Karatasi yenyewe si kubwa. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, kwa Kiswahili au Kifaransa, nakala tatu. Iandikwe garaji ilikuwaje siku ya kuingia, na picha za simu zitunzwe na pande zote. Iandikwe kazi gani itafanyika na kwamba mwenye nyumba ameiruhusu, neno hilo hilo, ameruhusu. Iandikwe nani ananunua tole na nani ananunua sima, na fedha za mpangaji zitarudije. Njia nyepesi ni kukata kwenye kodi. Tuseme kodi ni dola 30 kwa mwezi na mpangaji ametumia dola 540 kwa kazi inayomhusu mwenye nyumba: hiyo ni miezi 18 ya kodi. Wakikubaliana alipe nusu kila mwezi, deni linaisha baada ya miezi 36, mwenye nyumba bado anapata kitu mkononi na mpangaji ana miaka mitatu ya kulala usingizi. Mpangaji naye aandike kwamba atachimba tope la shimo, hatamwaga mafuta nje, na akikosa kodi kwa muda waliopatana mwenye nyumba ana haki ya kudai nyumba yake kwa kufuata sheria. Haki haiko upande mmoja. Risiti za dukani zibandikwe nyuma.

Kisha karatasi ipelekwe kwa shefu wa kijiji na ofisi ya usultani wa Andisoma, ipigwe muhuri, nakala moja ibaki humo. Usultani una daftari la mambo mengi, ufungue na la garaji, vibanda na maduka yanayotengenezwa na wapangaji. Muhuri huo usiwe biashara mpya. Ukitozwa bei ya kumshinda mhami, atarudi kwenye kushikana mikono na tutakuwa pale pale. Kamati za wahami nazo zichague mtu mmoja anayesoma vizuri, awe anaandamana na vijana siku ya kupatana, kwa sababu mgeni aliye peke yake huona aibu kudai karatasi kwa mtu aliyempokea.

Mwenye nyumba asiyetaka kusaini akatae mapema, kabla ya kazi, na garaji yake iendelee kumea majani. Hiyo ni haki yake. Anachopaswa kunyimwa ni kukataa baada ya sakafu kukauka.

Sima humiminwa vizuri kipindi hiki cha jua, kabla mvua za Machi hazijarudi, na mafundi tayari wanaitwa huku na huku. Wanaoanza kazi wiki hizi waende kwanza kwa shefu, mfuko wa kwanza ukiwa bado umefungwa.